Mgonjwa wa MS akiandikiwa dawa za dipresheni, aambiwe ni za nini

Mhariri,

Salamu kwako na kwa wasomaji wote. Naandika kutoka Kisauni hapa Mombasa na naomba mnivumilie manake barua yangu ni ndefu, lakini jambo lenyewe linaumiza watu majumbani na sijaliona likiandikwa kwa Kiswahili cha kueleweka. Ni kuhusu wagonjwa wa maltipo sklerosisi, ule ugonjwa wa neva ambao wenyewe twauita MS tu, na zile dawa wanazopewa ambazo watu wanazijua kama dawa za dipresheni. Mgonjwa anaandikiwa dawa hio kwasababu ya maumivu ya miguu, au kwasababu ya kibofu, au kulia na kucheka asikoweza kujizuia, alafu hakuna anayekaa naye dakika tano amwambie kwanini ni dawa hio na sio nyengine. Anakuja kujua mwenyewe dirishani anaponunua, au anasoma kile kikaratasi kilichokunjwa ndani ya boksi, na kuanzia hapo yeye na watu wake hawalali.

Ninachotaka kusema ni kimoja, kwamba dawa hizi zinasaidia kweli, ila mgonjwa asipoelezwa hazimezi. Na asiyemeza anateseka bure.

Mdogo wangu ni mwalimu wa nasari, ameolewa Likoni. Ugonjwa ulimuanza kwa jicho moja, likawa linafifia na likiuma akiligeuza, tukadhani ni vumbi ama miwani, likarudi sawa lenyewe. Baadaye ikaja ganzi kuanzia kiunoni kwenda chini, anatembea kama hajui sakafu iko wapi. Kwetu pwani mtu akishikwa hivyo maneno hayakosi, huyu atasema husda, yule atasema ni jini la baharini, akanyweshwa kombe, akasomewa, na mimi dua na kombe sizikatai, ni imani yetu na zilimpa moyo wakati hatujui tushike wapi. Lakini ganzi ilibaki. Alitibiwa baridi yabisi, akatibiwa upungufu wa damu, mwisho tukapanda treni Miritini kwenda Nairobi kwasababu madaktari wa neva nchi hii ni wachache na wengi wako huko, akapigwa MRI ya kichwa na uti wa mgongo, tukaambiwa MS.

Akaanzishwa dawa ya ugonjwa wenyewe, alhamdulillah. Lakini usiku miguu ilikua inamuwaka moto. Nasema kuwaka, sio kuuma kwa kawaida, shuka ikimgusa tu anaruka, panadoli akimeza ni kama amekunywa maji, brufeni pia hivyo hivyo. Daktari akamuandikia amitriptilini, miligramu 10 kila usiku. Hakuelezwa kitu, foleni ilikua ndefu na nadhani daktari mwenyewe alikua amechoka. Tulipofika duka la dawa yule aliyekua dirishani akasoma karatasi akauliza kwa sauti, watu wamejaa, hizi ni dawa za wagonjwa wa akili, anayezitumia ni nani? Mdogo wangu akachukua mfuko wake akatoka. Jioni habari ishafika kwa mavyaa yake, na mavyaa akasema kumbe binti ana wazimu na kwao walificha. Lakini lililomuumiza zaidi mdogo wangu halikua hilo la mavyaa, aliniambia, dada, kumbe daktari hakuniamini, ameona moto wa miguu yangu ni wa kichwani mwangu.

Vidonge vikakaa kwenye droo na usiku akawa analia.

Sasa Mhariri naomba nieleze vile nilivyokuja kuelezwa na daktari mwengine na vile nilivyosoma baadaye, manake naamini mtu akielewa hili hata mavyaa atanyamaza. Kwenye MS kinga ya mwili, ile inayotakiwa kupigana na vijidudu, inageuka inashambulia ngozi laini inayofunika neva kwenye ubongo, uti wa mgongo na neva za macho. Ngozi hio inaitwa mayelini. Ni kama waya wa stima ulioambuka plastiki yake, umeme mwengine haufiki unakokwenda na mwengine unaruka ovyo. Usipofika, unapata ganzi na miguu mizito, ukiruka ovyo unapata moto, sindano, shoti za mgongoni ukiinamisha shingo, ama kukazwa kifuani kama umefungwa leso kwa nguvu zote. Yale maumivu hayatoki kwenye mguu. Mguu mzima hauna kidonda wala uvimbe, ndio sababu panadoli na brufeni hazifui dafu, zile zimetengenezewa maumivu ya jeraha na uvimbe, na hapa kinachopiga kelele ni neva yenyewe.

Ubongo wetu una njia yake ya kuzima maumivu. Unatuma ujumbe unaoshuka kwenye uti wa mgongo kuambia neva za huko zipunguze sauti, na ujumbe huo unabebwa na kemikali mbili, serotonini na noradrenalini. Ni hizo hizo zinazohusika pia na hali ya moyo wa mtu, furaha na huzuni. Dawa kama amitriptilini, duloksetini na venlafaksini zinazifanya kemikali hizo zikae muda mrefu zaidi hapo zinapofanyia kazi, kwahivyo kwa mwenye dipresheni zinainua hali ya moyo na kwa mwenye neva mbovu zinasaidia kuzima moto, na amitriptilini juu ya hayo inatuliza neva zile zinazofyatuka ovyo zenyewe. Kazi hizi mbili haziko pamoja kwa lazima. Mtu asiyekua na dipresheni hata chembe akimeza amitriptilini kwa ajili ya neva inaweza kumsaidia, na husaidia kwa kipimo kidogo kuliko cha dipresheni, maumivu huanzwa na miligramu 10 au 25 usiku na kupandishwa polepole mpaka pengine 75, wakati dipresheni mara nyingi yataka 75 mpaka 150. Huyo mwenye dirisha angeangalia ile 10 tu iliyoandikwa angejua daktari anatibu nini.

Na sio ubunifu wa daktari mmoja. Amitriptilini iko sokoni tangu 1961, ni dawa ya zamani, ya bei nafuu kuliko nyingi, iko kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Mwongozo wa kitaifa wa Uingereza kuhusu maumivu ya neva, wa mwaka 2013, unaiweka amitriptilini pamoja na duloksetini, gabapentini na pregabalini kama dawa za kuanza nazo. Mbili kati ya hizo nne ni dawa za dipresheni na mbili zilianza kama dawa za kifafa, na hakuna anayesema mwenye kupewa gabapentini kwa mgongo wake basi ana kifafa.

Kuna hili la kulia na kucheka, hili ndilo linalovunja watu heshima. Kliniki tulikutana na mama mmoja mwenye MS, alienda kwenye khitma ya mjomba wake, watu wamekaa wanasoma, yeye akaanza kucheka. Hakuona cha kuchekesha, moyoni alikua na majonzi kama wengine, lakini kicheko kinatoka tu na akijaribu kukizuia kinazidi mpaka machozi, mpaka wakamtoa nje, na mtaani ikawa ni pepo, mara apungwe, mara amemchezea marehemu. Jamani huo ni ugonjwa. MS ikigusa njia za ubongo zinazosimamia uso na kilio, kucheka na kulia kunajitokea bila kufuata kilicho moyoni. Mwaka 1985 madaktari wa Marekani, Schiffer na wenzake, walichapisha kwenye jarida la New England Journal of Medicine majaribio ya kuwapa amitriptilini wagonjwa wa MS wenye shida hii, wagonjwa walikua 12 tu, na wengi wao walipata nafuu kubwa, tena nafuu hio haikutokana na kutibiwa dipresheni. Dawa za kundi la fluoksetini na sertralini, ambazo pia ni za dipresheni, nazo hutumika. Yule mama hakuwa amewahi kusikia kwamba jambo hili lina dawa. Miaka yote hio amejifungia ndani, haendi arusi, haendi matanga, na kwetu hapa mtu asiyeenda matanga ya watu ni kama ameshajitoa kwenye mji.

Kibofu nitakitaja kwa ufupi. Wengi wenye MS haja ndogo huwashika ghafla na hawawezi kungoja. Mdogo wangu alifika mahali anaogopa kuvuka feri, manake ukiingia ile foleni ya Likoni jioni na feri imechelewa huna pa kwenda. Imipramini, ambayo ni ndugu wa amitriptilini, imetumika miaka mingi kwa watoto wanaokojoa kitandani, kwasababu dawa za kundi hilo hulegeza kibofu. Lakini hapa pana hatari, mgonjwa wa MS ambaye shida yake ni kinyume, mkojo hautoki wote, dawa hio hio inaweza kumfunga kabisa. Kwahivyo sio ya kuazimana na jirani eti sote twaugua kibofu.

Sasa dipresheni yenyewe. Nimesema mdogo wangu alipewa dawa kwa maumivu na hakua na dipresheni wakati ule, lakini sitaki msomaji aondoke akidhani kuwa nayo ni aibu. Karibu nusu ya watu wenye MS hupata dipresheni wakati fulani maishani, ni wengi mno kuliko watu wengine, na sio kwasababu ya mawazo ya kuugua peke yake, ugonjwa wenyewe unaugusa ubongo, sehemu za ubongo zinazoathirika pamoja na uvimbe wa ndani yake vyote vinachangia. Mtu anaamka hana hamu ya chochote, chakula hakipiti, watoto wake hawamfurahishi, anaanza kusema nyinyi mtapumzika nikifa. Maneno hayo yakisikika ndani ya nyumba yasichukuliwe kama ya kudeka, wenye MS wako kwenye hatari kubwa zaidi ya kujiua kuliko watu wengine, huyo mtu asiachwe peke yake na afikishwe kwa daktari siku hio hio. Kwa dipresheni hutumika zaidi sertralini, fluoksetini na wenzake, na kukaa na mshauri anayejua kazi yake nako kunasaidia, vyote viwili vikienda pamoja ni bora zaidi. Tumwambie avumilie, asali, ashukuru, sawa, na dawa pia apewe, manake hatumwambii mwenye sukari avumilie bila insulini.

Nikisifia dawa hizi lazima pia niseme ziishie wapi. Haziponyi MS. Hazizuii ugonjwa kuendelea. Waingereza walijaribu jambo hili kwa uzito, utafiti unaoitwa MS-SMART, watu 445 wenye MS ya aina inayozidi polepole, walipewa wengine fluoksetini, wengine amiloridi, wengine riluzoli na wengine kidonge kisicho na dawa, wakafuatwa wiki 96 wakipimwa ubongo kama unanywea. Matokeo yalitoka 2020 na hakuna hata moja kati ya dawa tatu iliyopunguza kunywea huko. Kwahivyo akija mtu akakuuzia fluoksetini kwamba inakarabati neva, muondokee. Dawa za kuukabili ugonjwa wenyewe ni nyengine, na mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani liliingiza tatu kwenye orodha yake ya dawa muhimu, rituksimabu, kladribini na glatirama. Hizo ndizo serikali ingetakiwa kuzipigania zifike mpaka huku, hata hospitali kubwa ya Makadara hapa Mombasa zipatikane, sio mgonjwa abebwe mpaka Nairobi kila mara. Na uchovu ule wa MS, ule wa mtu kuamka amechoka kuliko alivyolala, msitarajie sana dawa hizi zitautoa, na amitriptilini ikizidi kipimo inaongeza usingizi wa mchana.

Kuna mambo ya huku kwetu ambayo hayamo kwenye vile vikaratasi vya boksi na ndiyo yaliyonifanya nikae niandike.

La kwanza joto. Mgonjwa wa MS mwili ukipata joto dalili zote zinapanda, macho yanafifia, miguu inakua mizito, daktari wa macho Mjerumani Wilhelm Uhthoff alishaliandika jambo hilo 1890. Sasa fikiria Mombasa kaskazi ikishapoa, mwezi wa tatu, jua nyuzi 32 au 33, unyevu juu, stima imepotea na feni imesimama. Amitriptilini na ndugu zake zinakausha mate na zinaweza kupunguza jasho, na jasho ndilo linalopoza mwili. Kwahivyo mgonjwa anayezitumia wakati wa joto akae penye upepo, ajimwagie maji, anywe maji, asifunikwe mabuibui mazito jikoni anapika biriani ya watu hamsini kwasababu eti bibi arusi ni jamaa. Na akizidiwa na joto sio lazima iwe MS imeamka upya, mara nyingi akipoa yanarudi kama yalivyokua. Ikiwa dalili ni mpya na imekaa zaidi ya siku nzima hata baada ya kupoa hapo aende kwa daktari.

La pili Ramadhani. Dawa inayomezwa mara moja usiku inaonekana kama imetengenezewa mwenye kufunga, na kweli kwa saa haina shida, lakini kinywa kinakauka mchana kutwa na choo kinafunga, na ukiimeza saa tano usiku daku unaweza kuipitia umelala. Mdogo wangu aliambiwa na daktari wake aimeze mapema, baada tu ya taraweh, na ikamfaa. Ambaye afya haimruhusu kufunga ana ruhusa ya dini, aulize daktari na aulize shekhe wake, asiache dawa kimya kimya ili afunge kama wenzake.

La tatu ni lile la kuficha. Mtu anatafuna muguka au miraa na anapoulizwa na daktari anasema hatumii kitu. Muguka una kemikali inayofanana na amfetamini, unakimbiza moyo, na amitriptilini nayo inagusa mapigo ya moyo. Tramadoli ndio mbaya zaidi, hapa mjini inauzwa kama peremende na wagonjwa wa maumivu wanaipata kirahisi, ukiichanganya na dawa za dipresheni serotonini inaweza kupanda kupita kiasi, mtu anatetemeka, anapata homa, misuli inakakamaa, anachanganyikiwa, na anaweza kufa. Mwambieni daktari ukweli wote, hata kama mama amekaa pale. Kama mama akiwepo huwezi kusema, muombe daktari mama atoke.

Na mwenye ugonjwa wa moyo, mwenye presha ya macho, mjamzito au anayetaka mimba, aseme kabla ya kuandikiwa. Vidonge viwekwe mbali na watoto, amitriptilini nyingi kwa mara moja inaua, inasimamisha moyo, hili sio la kufichwa, na nyumba yenye mtu aliyekata tamaa vidonge vishikwe na mtu mwengine.

Jengine, watu wanaacha haraka. Wanameza siku tatu wanasema haifanyi kazi. Usingizi huja mapema, lakini maumivu huchukua wiki kadhaa kupungua, na dipresheni yenyewe mara nyingi wiki mbili mpaka sita, na kero kama kinywa kukauka huanza siku za kwanza kabla ya faida kuonekana, ndio maana asiyeelezwa anaacha. Wengine ikishawafaa wanaikata siku moja, wanapata kizunguzungu, kichefuchefu, usingizi unaruka, ndani ya mwili kunapita kama shoti, wanaogopa MS imerudi kumbe ni dawa imekatwa ghafla. Inapunguzwa polepole na daktari akijua.

Sasa nirudi kwa wenye kazi zao. Madaktari wetu, twajua mnahudumia watu wengi na vyumba havina hewa, lakini sentensi hii haichukui hata dakika, mama, hii ni dawa ya dipresheni ila wewe nakupa kwa maumivu ya neva, nayaamini maumivu yako, itachukua wiki kadhaa, kinywa kitakauka, usiiache ghafla. Basi. Na pale mnapoitoa kwa dipresheni kweli, semeni hivyo pia, msimwambie mgonjwa ni vitamini ya neva, atakuja kugundua na hatawaamini tena. Mkiweza, kwenye karatasi andikeni sababu pembeni ya jina la dawa, kwa maumivu ya neva, kwa kibofu, ili mfamasia naye ajue anaongea na nani. Na nyinyi wa maduka ya dawa, shusheni sauti. Kuna mtu anavuka feri na magongo, amesimama kwenye foleni yenu miguu inawaka, neno moja lenu linaweza kumrudisha nyumbani bila dawa.

Kwa kina mavyaa, kina mama, waume, nasema kwa heshima zote. Kama ndani ya nyumba yenu kuna mgonjwa wa MS msipekue vidonge vyake mkavitupa. Akipewa appointi, mmoja wenu aende naye, aulize mbele ya daktari, dawa hii ni ya nini, anameza kipimo gani, tutaona mabadiliko lini, tukiona nini tumrudishe. Shemeji yangu alikwenda safari iliyofuata, akauliza, akaelezwa, akarudi akamueleza mamake mwenyewe kwa lugha yao ya ndani. Sasa mavyaa ndiye anayemkumbusha, anagonga mlango, we mwanangu, umemeza kidonge cha miguu? Amekipa jina hilo na sisi twakiita hivyo hivyo. Moto haujaisha wote, nisiseme uongo, usiku mwengine bado unamshika, lakini analala na shuka, na shule anakwenda.

Mhariri, ombi langu kwako ni hili, kurasa zenu za afya zimeandika vizuri kuhusu sukari, presha na saratani. Makadirio ya 2020 yalisema watu milioni 2.8 duniani wana MS, wanawake ni zaidi ya wanaume angalau mara mbili, na wengi huanza wakiwa kati ya miaka 20 na 40, yaani umri wa kina dada wanaolea. Hapa kwetu ni wachache wanaojulikana na ndio sababu hakuna anayewaandikia. Mtafuteni daktari wa neva mmoja na mfamasia mmoja, waulizeni haya niliyoyataja moja moja, la joto, la Ramadhani, la muguka na tramadoli, la kuacha ghafla, wajibu kwa Kiswahili, mchapishe ukurasa ambao mtu anaweza kuukata akampelekea mamake. Ikifika tarehe 30 Mei, ambayo ni siku ya MS duniani, itakua wakati mzuri, lakini mkiweza kabla ya hapo nitashukuru zaidi, manake joto halingoji.

Wako,
Dadake mgonjwa,
Kisauni, Mombasa